Waya au Vifuniko Angavu? Maelezo kwa Wanaojiandaa na Upasuaji wa Kurekebisha Taya

Katika parokia zetu, kuanzia Masasi chini ya vilima vyake vya mawe hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, wapo vijana na watu wazima ambao mataya yao hayakukua kwa ulinganifu. Kwa mmoja taya la chini limetangulia mbele mno, kwa mwingine limebaki nyuma, na kwa wa tatu meno ya mbele hayakutani hata anapofunga kinywa kwa nguvu zake zote. Baadhi yao wameelezwa na madaktari kwamba tiba yao ni upasuaji, na kwamba kabla ya upasuaji huo meno sharti yapangwe upya kwa muda mrefu. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii. Je, yapangwe kwa waya zinazogandishwa juu ya meno, au kwa vifuniko angavu vya plastiki ambavyo mgonjwa huvivaa na kuvivua mwenyewe?

Kwa mtu anayenyoosha meno peke yake, huenda jambo hili likabaki kuwa la mapendeleo na mfuko. Kwa mtu atakayekatwa taya sivyo. Uchaguzi huo unagusa kazi ya daktari ndani ya chumba cha upasuaji, unagusa majuma ya uponyaji yanayofuata, na zaidi ya yote unagusa uwezo wa mgonjwa wa kuifikisha safari mwisho. Tutaeleza punde kwa nini kuiacha safari hiyo njiani ni hatari kuliko kutoianza.

Tuanze kwa kuondoa hofu isiyo ya lazima. Meno yasiyokaa sawa ni jambo la kawaida mno. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 1,601 wenye umri wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2009, uliwakuta asilimia 63.8 wakiwa na walau kasoro moja ya mpangilio wa meno, na asilimia 16.1 wakiwa na pengo kati ya meno ya juu na ya chini wanapouma. Walio wengi katika hao hawahitaji kisu. Upasuaji huzungumzwa pale ambapo kasoro iko katika mfupa wenyewe wala si katika meno tu, na inamzuia mtu kutafuna, kutamka maneno vizuri, kufunga midomo, au kupumua vyema usingizini. Chanzo mara nyingi ni urithi wa familia. Mara nyingine ni jeraha la utotoni: mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe au mkorosho, kidevu kikapiga chini, kiungo cha taya karibu na sikio kikaumia bila mtu kutambua, na tangu siku hiyo upande ule ukaacha kukua kama mwenzake.

Umri nao una neno lake. Madaktari kwa kawaida husubiri mataya yamalize kukua, jambo ambalo kwa wasichana hutokea mapema kuliko kwa wavulana. Kwa wavulana wengi ni karibu na miaka 18 au zaidi. Taya la chini lililotangulia likirekebishwa kabla ya wakati wake, linaweza kuendelea kukua na kuirudisha kasoro ileile.

Wapo wanaouliza kama tiba ya namna hii si majivuno. Sisi tunaoishi hapa tunapaswa kuwa wa mwisho kushangaa kwamba watu huushughulikia uso na kinywa kwa bidii. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu, wazee walichonga meno na kuchanja nembo usoni, na sura hizo bado twaziona katika vinyago vya mapiko. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, yatufundisha kuitunza afya kwa busara kama zawadi tuliyokabidhiwa na Mungu, na namba inayofuata yatuonya tusiufanye mwili kuwa kitu cha kuabudiwa. Kijana asiyeweza kukata kipande cha muhogo kwa meno yake ya mbele hatafuti urembo. Na hata yule ambaye, pamoja na shida ya kutafuna, amechoka kuchekwa shuleni, hatuoni sababu ya kumhukumu.

Safari yenyewe ilivyo

Upasuaji huu si mgeni duniani. Mwaka 1849 huko Wheeling, Marekani, daktari Simon Hullihen alilikata na kulipanga upya taya la chini la msichana aliyeharibiwa uso na kovu la moto. Njia ya kulipasua taya la chini kutokea ndani ya kinywa, inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake, ilienea baada ya Hugo Obwegeser na mwenzake Richard Trauner kuichapisha kwa Kiingereza mwaka 1957. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, mikato hufanywa ndani ya kinywa ili kovu lisionekane usoni, mfupa hukatwa na kusogezwa, kisha hushikizwa kwa vibati na skrubu ndogo za titani ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha yote.

Lakini kisu huja katikati ya safari. Kabla yake kuna maandalizi ya meno ambayo kwa wengi huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na baada yake kuna miezi kadhaa ya kumalizia. Kwa jumla ni miaka miwili hadi mitatu. Kuna madaktari wanaoanza na upasuaji kwanza, lakini ni kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu.

Kwa nini maandalizi yawe marefu hivyo? Mwili una hekima yake ya kuficha kasoro. Taya la chini likitangulia mbele, meno ya chini huinama kurudi ndani na ya juu huinama kutoka nje, yakijitahidi kukutana. Kwa njia hiyo kasoro ya milimita kumi katika mfupa huweza kuonekana kama ya milimita nne katika meno. Daktari akilisogeza taya huku meno yakiwa yameinama hivyo, atagongana nayo kabla mfupa haujafika mahali pake. Kwa sababu hiyo meno husimamishwa kwanza wima juu ya mfupa wake, na yakisimama, kile kilichofichwa hujitokeza. Kidevu huonekana kirefu zaidi, pengo hupanuka, kutafuna huwa kugumu kuliko mwanzo.

Jambo hili tunaomba lisomwe kwa makini na wazazi. Katika miezi ya maandalizi mtoto wenu ataonekana kuwa mbaya zaidi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Akiacha tiba hapo, kwa sababu fedha zimekwisha au nauli imekosekana au kifaa kimepotea, atabaki na kinywa kinachofanya kazi vibaya kuliko siku alipoanza. Waya na vifuniko tunavipima kwa kipimo hicho.

Vifaa hivi viwili

Waya tunazozisema ni vibati vidogo, viitwavyo breketi, vinavyogandishwa kila kimoja juu ya jino lake, na waya mmoja unaopita katika vyote na kuyavuta meno polepole. Mgonjwa hawezi kuzivua. Daktari bingwa wa mpangilio wa meno huzikaza au kuzibadilisha kila baada ya majuma manne hadi manane. Siku ya upasuaji inapokaribia, waya mnene huwekwa na kuongezewa vindoano. Kwa daktari wa upasuaji vindoano hivyo ni mpini. Akishaukata mfupa, huyafunga mataya mawili pamoja kwa kupitia vindoano hivyo, meno yakiwa yameumana ndani ya kipande cha plastiki kilichochongwa mapema kuonyesha mahali hasa taya linapotakiwa kukaa, kisha ndipo hupigilia vibati vyake. Baada ya upasuaji, vindoano vilevile hupokea vimpira vidogo ambavyo kwa majuma kadhaa huyaongoza meno kukutana sawasawa. Mgonjwa aliyevimba uso na asiyeweza kufungua kinywa hana la kufanya zaidi ya kuvibadilisha vimpira hivyo.

Vifuniko angavu vilianza kuenea baada ya kampuni ya Align Technology kuanzishwa California mwaka 1997. Kinywa hupimwa kwa kamera au kwa kuchukua umbo lake, kompyuta hupanga mwendo wa meno hatua kwa hatua, na kiwanda hutengeneza mfululizo wa vifuniko vyembamba, kila kimoja kikiwa na tofauti ndogo na kilichotangulia. Mgonjwa hukivaa kifuniko saa 20 hadi 22 kwa siku, akikitoa wakati wa kula na kusafisha meno tu, na hubadili kipya kila juma moja au mawili. Juu ya baadhi ya meno hugandishwa vinundu vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika.

Sifa zake ni za kweli. Havionekani kwa urahisi, havichubui midomo, na kwa sababu huvuliwa, meno na fizi husafishika vizuri zaidi. Wala si kweli kwamba haviwezi kabisa kutumika pamoja na upasuaji wa taya. Madaktari katika nchi mbalimbali wamevitumia na kupata matokeo mazuri, ingawa tafiti zinazolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa wa aina hii bado zimehusisha watu wachache.

Ugumu wake unaanzia mezani pa upasuaji, kwa kuwa vifuniko havina vindoano. Daktari hulazimika kutafuta mpini mwingine: kugandisha vifungo kwenye meno, kuyafunga meno kwa upinde wa chuma, au kupigilia skrubu za muda katika mfupa wa fizi, ambazo zikikosewa zinaweza kugusa mizizi ya meno. Wapo wanaomhamisha mgonjwa kwenye waya kwa kipindi kile cha upasuaji na kumrudisha kwenye vifuniko baadaye, na hapo analipia vyote viwili. Kisha, kwa kuwa taya limehama, vifuniko vilivyobaki huenda visifae tena. Kinywa hupimwa upya na seti mpya huagizwa. Pia yapo mambo ambayo waya huyafanya kwa uhakika zaidi, kama vile kuligeuza jino la mviringo lililozunguka, kulivuta jino lishuke, au kuziba nafasi kubwa baada ya jino kung'olewa. Mambo hayo huhitajika mara nyingi kwa watu wenye kasoro kubwa za taya.

Tukivileta Newala

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mgonjwa anaishi jirani na kliniki. Hali yetu si hiyo. Madaktari bingwa wa mpangilio wa meno katika nchi yetu ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako pia ndiko Hospitali ya Taifa Muhimbili iliko pamoja na madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Kutoka Masasi hadi huko ni zaidi ya kilomita 550, na wa Newala huongeza kipande chake.

Kwa mtazamo wa kwanza umbali huu unawapendelea wenye vifuniko, kwani mgonjwa anaweza kupewa seti kadhaa aondoke nazo na kurudi baada ya miezi miwili au zaidi, ilhali mwenye waya anatakiwa kurudi mara kwa mara. Hoja hiyo ni ya haki nasi hatuipuuzi. Lakini tuitazame na upande wake wa pili. Waya ukichomoka ukawa unachoma shavu, mtaalamu wa meno aliye karibu anaweza kuukata ncha ili mgonjwa asafiri kwa nafasi. Kifuniko kikipotea shambani, kikiliwa na mbwa, au kikioshwa kwa maji ya moto kikapinda, hakuna fundi Masasi wa kukitengeneza. Mgonjwa anarudia kilichotangulia huku akisubiri kingine kitoke mbali. Na kifuniko kisichovaliwa saa zake hakifanyi kazi. Mwanafunzi wa bweni, anayekula kwa foleni na kulala na wenzake arobaini, atakivua na kukivaa mara ngapi kwa siku kabla ya kukisahau juu ya sinia?

Chakula nacho kina hesabu yake. Mwenye waya atalazimika kuaga vitu tunavyovipenda: korosho ngumu za kukaanga, muwa, mahindi ya kuchoma, makopa makavu, mfupa wa kuku. Ugali wa muhogo, mbaazi zilizoiva, samaki na ndizi vinamfaa. Mwenye vifuniko hula vyote, kwa sharti la kuvivua, kusafisha meno na kuvirudisha. Na akiwa amevivaa asinywe chai wala soda, maji peke yake.

Kuhusu usafi, sote tunajua historia ya maji juu ya uwanda wetu na jinsi Newala na Tandahimba zinavyotegemea maji yanayosukumwa kutoka bondeni kupitia mradi wa Makonde. Mwenye waya hahitaji bomba lenye nguvu. Kikombe kimoja cha maji safi, mswaki laini na dawa yenye floraidi vinatosha, ilimradi atumie dakika zake tano kila baada ya mlo, akisugua juu na chini ya kila breketi. Asipofanya hivyo, waya zitakapotolewa zitaacha mabaka meupe na matundu, na fizi zilizovimba zinaweza kumfanya daktari aahirishe upasuaji. Hili ndilo doa kubwa la waya, na ni doa linalozuilika kwa bidii ya mgonjwa mwenyewe.

Maoni yetu basi ni haya. Kwa mgonjwa wa Masasi au Newala anayejiandaa na upasuaji wa taya, waya ni chaguo salama zaidi katika hali nyingi, kwa sababu humpa daktari mpini wake, hufanya kazi usiku na mchana bila kutegemea kumbukumbu ya mgonjwa, na zikiharibika hurekebishwa hapahapa nchini. Vifuniko vinaweza kumfaa mtu mzima mwenye nidhamu, anayeishi au anayeweza kukaa karibu na mabingwa wake, mwenye kasoro ndogo ya meno juu ya kasoro ya mfupa, na ambaye daktari wake wa upasuaji, si yule wa meno peke yake, amekubali kufanya kazi bila waya. Kama mabingwa hao wawili hawajazungumza, mgonjwa asilipe hata senti.

Kuhusu malipo, familia nyingi za kwetu hupata fedha msimu wa korosho, baada ya minada ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU. Ni rahisi kulipa awamu ya kwanza mwezi Novemba na kukwama mwezi Juni. Omba gharama ya safari nzima iandikwe tangu mwanzo: vipimo, waya au vifuniko, upasuaji, siku za kulazwa, vifaa vya kumalizia, na nauli zote. Mwenye bima aulize kwa maandishi kipi kinalipiwa, maana upasuaji na upangaji wa meno vinaweza kutazamwa tofauti. Afadhali kungoja misimu miwili ukaanza na fedha kamili.

Baada ya upasuaji

Uvimbe huwa mkubwa katika juma la kwanza na hupungua taratibu. Ganzi ya mdomo wa chini ni ya kawaida baada ya taya la chini kukatwa, kwa kuwa mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa huo. Kwa wengi huisha kadiri miezi inavyopita, kwa wachache hubaki kwa sehemu, na daktari anapaswa kulisema hilo kabla ya mgonjwa kutia sahihi. Chakula kwa majuma ya kwanza ni cha kunywa: uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa laini, supu ya samaki iliyochujwa, mbaazi zilizopondwa na kuchujwa, maziwa, juisi ya embe. Mgonjwa asiachwe akonde.

Walezi wa kiroho nao wana sehemu yao. Mgonjwa ambaye kinywa chake kimefungwa hana haja ya kukosa Ekaristi. Kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa yaruhusu, inapolazimu, Komunyo itolewe katika umbo la divai peke yake, hivyo familia imjulishe Paroko mapema. Kanuni ya 919 huwaruhusu wagonjwa na wanaowatunza kupokea Komunyo hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Na iwapo upasuaji umeangukia karibu na Kwaresima, mfupa unaounga unahitaji kulishwa. Mgonjwa asijilazimishe kufunga chakula. Mwenye vifuniko anaweza kuvivua kabla ya Misa na kuvirudisha baadaye, mradi avitunze katika kikasha chake, si katika leso, kwani leso hutupwa.

Anayetaka kuanza aende kwanza kwa mtaalamu wa meno wa hospitali iliyo karibu naye, iwe Mkomaindo mjini Masasi, Hospitali ya Wilaya ya Newala au Hospitali ya Mtakatifu Benedikto Ndanda, achunguzwe, matundu yazibwe, fizi zitibiwe, na apewe barua ya rufaa. Aende nayo akiwa na maswali yake yameandikwa. Ni nani atakayenipasua, na je, amekwisha kuniona? Atanifunga mataya kwa kushika nini? Kifaa kikiharibika nikiwa Newala nimwone nani? Vifaa vya kushikilia meno baada ya tiba, ambavyo huvaliwa usiku kwa miaka mingi kwa mwenye waya na kwa mwenye vifuniko vilevile, vimo katika bei hii? Picha za eksirei na nakala za vipimo ziombwe na kutunzwa nyumbani pamoja na cheti cha ubatizo, kwa sababu daktari anaweza kuhama kituo kabla ya miaka mitatu kwisha, na atakayempokea mgonjwa atazihitaji.